Mgema na Mwonjaji: Historia ya Sherehe za Bia katika Mji wa Philadelphia, 1788–2008

Mwezi wa Machi 2008, tangu tarehe 7 mpaka tarehe 16, mji wa Philadelphia katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulifanya kwa mara ya kwanza sherehe iliyoitwa Philly Beer Week, yaani Juma la Bia la Philadelphia. Jina lake ni juma, lakini siku zake zilikuwa kumi. Makusudi ya makala haya ni kueleza asili ya sherehe hiyo, na hasa kuchunguza desturi iliyokuwa kiini chake, nayo ni desturi ya kuonja bia mbele ya watu na kuihukumu kwa maneno.

Waswahili husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa sana kumwonya mtu anayelewa sifa, na kwa ajili hiyo maana yake ya kwanza, ambayo ni maana ya kazi, imesahauliwa. Mgema hutia maji kwa sababu wanywaji wake wamekoma kuonja, wanasifu tu. Baina ya kusifu na kuonja pana tofauti kubwa, na historia ya bia katika mji wa Philadelphia yaweza kusomwa yote kuwa historia ya tofauti hiyo. Ndiyo hoja tutakayoifuata hapa. Wala msomaji asidhani kwamba twaandika kumtetea mlevi, kwa maana tutaona kwamba tangu mwanzo sherehe za bia katika mji huu zilifungamana na mashauri ya kiasi.

Sherehe ya kwanza inayotupasa kuitaja ni ya tarehe 4 Julai 1788. Katika mwezi wa Juni mwaka huo majimbo ya New Hampshire na Virginia yalikuwa yameikubali Katiba mpya ya Marekani, hata idadi ya majimbo yaliyoikubali ikafika kumi, na Katiba ikapata nguvu ya sheria. Watu wa Philadelphia wakafanya maandamano makuu ambayo habari zake ziliandikwa na Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Walioandamana walikuwa kiasi cha watu 5,000, nao walijipanga kwa kazi zao: waashi, maseremala, wahunzi, waokaji mikate, wapiga chapa na wengineo, kila kundi na bendera yake na zana zake. Wapishi wa bia walikuwa kumi, wakiongozwa na Reuben Haines. Katika kofia zao walichomeka masuke ya shayiri, na vifuani walijifunga mishipi ya mitambaa ya hopsi, ambayo ni mmea unaoipa bia uchungu na harufu yake. Mikononi walichukua sepetu za kugeuzia kimea na kasia za kukorogea, na bendera yao ilitangaza kwamba kinywaji kilichopikwa nyumbani ndicho bora.

Maneno hayo ya bendera yalikuwa na siasa ndani yake. Kabla ya vita vya uhuru matajiri wa makoloni walikuwa wakiagiza kutoka London bia nyeusi iitwayo pota, nao waliiona kuwa bora kuliko ya kwao. Alipokuja Robert Hare kutoka Uingereza mwaka 1773 akaanza kupika pota katika mji wa Philadelphia, na George Washington mwenyewe akawa mmoja wa wateja wake. Kwa hiyo wapishi wale kumi walipopita njiani walikuwa wakisema kwamba taifa lililojitawala kwa sheria lajitawala pia kwa kinywaji chake.

Maandamano yaliishia katika shamba la Bush Hill, ambako watu wapatao 17,000 walikusanyika kula na kusikiliza hotuba. Waliokuwapo hawakupewa pombe kali za kukenekwa. Walipewa pota na bia za Kimarekani, na maji ya matofaa yaliyochachushwa, basi. Tabibu Benjamin Rush, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, aliandika kwa furaha kubwa juu ya utulivu wa siku ile, akautia katika hesabu ya vinywaji hivyo, hata akapendekeza kwamba mahali pale pawekwe ukumbusho kwa heshima yake. Rush huyu ndiye aliyeandika, mwaka 1784, kitabu kidogo cha kuonya watu juu ya madhara ya pombe kali. Baadaye alikieleza kipimo chake kwa mfano wa kipimajoto: maji, maziwa na bia nyepesi aliviweka juu, upande wa afya, pombe za kukenekwa akaziweka chini, upande wa maradhi, madeni na jela. Yafaa tuone hapa kwamba kipimo cha Rush ni aina ya uonjaji. Kinavipambanua vinywaji, kila kimoja na jina lake na daraja lake, wala hakivitupi vyote katika neno moja.

Miaka 50 baadaye ilikuja bia ya namna nyingine. Mwaka 1840 John Wagner, mhamiaji kutoka Bavaria, alipika katika mtaa wa Northern Liberties bia iitwayo laga, kwa chachu aliyoileta kutoka kwao. Na jimbo la Pennsylvania limeweka kibao mahali pale kuwa ndipo laga ya kwanza ya Marekani ilipopikwa. Chachu ya laga hufanya kazi katika baridi, tena polepole, na bia yake hulazwa majuma mengi kabla ya kunywewa. Ndiyo sababu wapishi Wajerumani waliokuja baadaye walijenga viwanda vyao karibu na mto Schuylkill, wakakata barafu yake wakati wa kipupwe na kuiweka katika maghala ya chini ya ardhi. Mtaa uliozaliwa na kazi hiyo ukaitwa Brewerytown, yaani Mji wa Wapika Bia, na jina hilo liko hata leo. Mwishoni mwa karne ya 19 Philadelphia ilikuwa na viwanda kwa makumi, na mtu aliweza kuijua bia ya mtaa wake kwa ladha tu.

Utajiri huo ulivunjwa mara mbili. Mara ya kwanza ulivunjwa na sheria ya marufuku, iliyokataza pombe katika nchi nzima ya Marekani tangu Januari 1920 mpaka Desemba 1933. Viwanda vingi vilifungwa visifunguliwe tena. Mara ya pili ulivunjwa na biashara yenyewe, pasipo sheria yoyote. Baada ya vita kuu ya pili makampuni makubwa, yenye magari, majokofu na matangazo ya redio na televisheni, yaliweza kuuza bia moja kutoka pwani hata pwani. Bia hiyo ilipunguzwa kimea na kuzidishwa mchele au mahindi. Ilipunguzwa hopsi pia, ili isimchukize mtu yeyote. Hapo twaiona methali yetu ikitimia kwa mizani ya kiwanda. Matangazo yalisifu kila siku, mnywaji akasadiki sifa, na mgema akatia maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia katika Marekani yote vilikuwa havifiki 100. Katika Philadelphia kiwanda kikubwa cha mwisho kilikuwa cha Schmidt, kilichoanzishwa mwaka 1860. Nacho kilifungwa mwaka 1987. Mji uliowahi kuandamana na masuke ya shayiri ukawa unakunywa bia ya wengine. Hasara ya kazi na mishahara ilionekana na kila mtu. Hasara nyingine haikuonekana upesi, nayo ilikuwa hasara ya ulimi. Kijana aliyezaliwa mwaka 1950 aliweza kufikia utu uzima bila kujua kwamba bia yaweza kuwa nyeusi au chachu, au kunukia karafuu au moshi. Asichokijua hakuweza kukitamani, na alichokuwa hana jina lake hakuweza kukidai.

Dawa ya maradhi haya haikuanzia Philadelphia, na hapa yatubidi tuuache mji kwa kitambo. Mwaka 1971 Waingereza wanne, ambao ni Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, walianzisha chama cha kutetea bia ya asili inayoendelea kuchacha ndani ya pipa lake. Mwaka 1975 chama hicho, kiitwacho CAMRA, kilifanya maonyesho ya bia huko Covent Garden, London, na umati mkubwa ukahudhuria. Katika Marekani Rais Jimmy Carter alitia sahihi mwaka 1978 sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia nyumbani, jambo lililokuwa limesahauliwa katika ruhusa za mwaka 1933. Na mwaka 1982 Charlie Papazian alianzisha huko Boulder, jimbo la Colorado, tamasha liitwalo Great American Beer Festival, lililohamia mji wa Denver mwaka 1984.

Jambo jipya katika matamasha hayo ni ukubwa wa kikombe. Katika sherehe ya kale ya Munich, iliyoanza mwaka 1810 kwa arusi ya mwana wa mfalme wa Bavaria, mtu hupewa kikombe cha lita nzima, na bia ni ya viwanda vya Munich tu. Katika tamasha la Denver mtu hupewa funda moja, kiasi cha mililita 30, naye hupita meza hata meza. Kikombe kikubwa humfanya mtu awe mnywaji. Kikombe kidogo humfanya awe mwamuzi, kwa sababu humlazimisha kulinganisha. Uonjaji nao una kanuni zake. Bia nyepesi hutangulia na kali hufuata, maana kali huufisha ulimi. Kwanza hutazamwa rangi na povu, kisha hunuswa, ndipo huonjwa. Na baina ya bia na bia mtu hunywa maji na kutafuna mkate mkavu. Tena mwonjaji wa bia humeza, kwa kuwa uchungu wa hopsi haujulikani vyema mpaka upite kooni.

Lakini kulinganisha hakuwezekani pasipo maneno, na jambo hili lawahusu hasa wasomaji wa jarida la lugha. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kidenmaki, Morten Meilgaard, aliunda gurudumu la ladha za bia, ambalo vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vililikubali kuwa kipimo chao. Gurudumu hilo lina istilahi 122, zilizopangwa kwa jamaa zake, na kila istilahi imetengewa maana moja. Kwa upande wa wasomaji wa kawaida kazi kama hiyo ilifanywa na mwandishi Mwingereza Michael Jackson, aliyeishi tangu 1942 mpaka 2007, ambaye si mwimbaji yule wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, The World Guide to Beer, alizigawanya bia za dunia katika aina, akazipa aina hizo majina na nasaba. Wapishi wengi wa Marekani walizipika kwanza aina walizozisoma kwake kabla ya kuzionja. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba jina lilitangulia na kitu kikafuata.

Sasa na turudi Philadelphia. Katika miaka ya 1990 Jackson alikuwa akija mjini humo kuongoza uonjaji katika Jumba la Makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wahudhuriaji waliketi katika jumba la wataalamu wa mambo ya kale, bia zikaletwa moja moja, naye akaeleza asili ya kila moja kama mwalimu aelezavyo maandishi. Katika karamu ya namna hiyo ya Machi 2000 Patrick McGovern, mtaalamu wa kemia ya vitu vya kale katika jumba hilo, aliwapa wapishi waliokuwapo fumbo. Mwaka 1957 wachimbaji wa chuo hicho, wakiongozwa na Rodney Young, walikuwa wamefungua kaburi la kifalme huko Gordion, katika nchi ya Uturuki, wakakuta vyombo vingi vya shaba nyeusi vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vikiwa na masalio makavu ya kinywaji. McGovern aliyachunguza akakuta dalili za zabibu, shayiri na asali. Akawauliza wapishi: ni nani awezaye kukipika tena? Aliyefaulu alikuwa Sam Calagione wa kiwanda cha Dogfish Head, jimbo la Delaware, na kinywaji chake kikaandaliwa katika karamu mwaka huo huo. Mahali pengi makumbusho huonyesha chombo. Hapa yalionyesha pia kile kilichokuwa ndani ya chombo, nacho kikaonjwa.

Wakati huo viwanda vidogo vilikuwa vimekwisha kuota tena. Dock Street ilianza mwaka 1985, Yards mwaka 1994, na mwaka 1997 ikafunguliwa baa iitwayo Monk's Café, iliyowazoeza wenyeji bia za Ubelgiji. Jackson alifariki mwezi wa Agosti 2007. Miezi saba baadaye lilifanyika Juma la Bia la kwanza, ambalo waanzilishi wake walikuwa mwandishi wa gazeti Don Russell, mwenye baa Tom Peters, na Bruce Nichols aliyekuwa akiandaa uonjaji wa kule makumbusho. Nasaba ya sherehe, basi, ni dhahiri: ilizaliwa na meza ya uonjaji.

Umbo lake nalo lastahili kuangaliwa. Haikuwekwa katika uwanja mmoja wala katika hema. Mji wenyewe ulikuwa uwanja. Kila baa, mkahawa na kiwanda kiliandaa shughuli yake: hapa mpishi anaeleza kimea chake, kule bia inalinganishwa na jibini au chaza, pengine pipa linatobolewa mbele ya wageni, pengine watu wanatembezwa kiwandani. Baadaye ilizuka desturi ya kuipitisha nyundo kutoka mtaa hata mtaa, mkono kwa mkono, mpaka ifike kwenye pipa la ufunguzi. Mtu anayekumbuka sepetu na kasia za mwaka 1788 hawezi kukosa kuona kwamba mji ulikuwa umerudia maandamano yake. Miji mingine iliiga upesi. San Francisco na Seattle zilikuwa na majuma yao ya bia mwaka 2009.

Walakini mwanahistoria hapaswi kusifu tu, asije naye akamharibu mgema. Sherehe ya kuonja ina hatari yake ndani yake. Inapokua hupata wafadhili, na mfadhili hapendi kuhukumiwa. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya AB InBev ilinunua kiwanda cha Goose Island cha Chicago, na baada ya hapo vingine vingi vikanunuliwa. Hata mnywaji asiweze tena kujua kwa kibandiko cha chupa nani mdogo na nani mkubwa. Udogo wenyewe umegeuka kuwa sifa ya kuuzia. Mwaka 2023 kiwanda cha Anchor cha San Francisco, ambacho Fritz Maytag alikiokoa mwaka 1965 na ambacho wengi hukihesabu kuwa baba wa mwamko huu wote, kilifungwa, miaka sita baada ya kununuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Sifa zake hazikuwa zimepungua. Twajifunza kwamba sifa hazikilindi chombo. Kinacholinda ni watu wajuao kuonja, nao hupungua pale sherehe inapokuwa soko tu.

Je, yote haya yatuhusu nini sisi wa lugha ya Kiswahili? Yatuhusu kwa upande wa maneno. Mwandishi wa makala haya alipotaka kueleza kazi ya mwonjaji alikuta lugha si maskini hata kidogo. Tuna uchungu, ukali, uchachu, ugwadu na ukakasi, na kila moja ni jambo mbali. Bia iliyopigwa na jua ndani ya chupa isiyo na rangi hupata uvundo ambao Wamarekani huufananisha na mnyama wao anukaye; Mswahili atasema yanuka kicheche, na mara moja ataeleweka. Tuna kimea na chachu, tuna kugema, kuchachua na kukeneka. Kuhusu vinywaji, tembo la mnazi lina majina yake tangu likiwa tamu mpaka ligeukapo siki. Wachaga huipika mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi, nao huitia magome ya msesewe ili kuipa uchungu, kazi ile ile ya hopsi; watu wa Iringa hugema ulanzi katika mianzi wakati wa mvua; na dengelua ni ya miwa.

Hata hivyo maneno haya yametawanyika. Mengi yako vinywani mwa wapishi wazee, wengi wao wakiwa wanawake, na katika kamusi zetu mara nyingi hufasiriwa kwa maneno mawili, kwamba ni aina ya pombe. Fasiri hiyo ni sawa na bia moja ya kutoka pwani hata pwani: si uongo, lakini imetiwa maji. Mfano wa Philadelphia waonyesha kwamba ujuzi wa kazi waweza kupotea katika kizazi kimoja, na kwamba kuurudisha huanza kwa kuorodhesha majina, kuyapanga kwa jamaa zake, na kuyajaribu mbele ya wenye kujua. Kazi hiyo haimtaki mtafiti awe mnywaji. Yamtaka aende kwa mpishi wa mbege na kwa mgema, aulize jina la kila chombo, kila hatua na kila kasoro, hasa kasoro. Maana mwenye kujua jina la kasoro ndiye awezaye kumwambia mgema kwamba tembo lake lina maji.